Bomba Lisilo na Koki

Wapendwa, nina habari ya bibi mmoja, mjane, aliyezaliwa na kuzeekea katika nchi kavu upande wa Dodoma. Kwao maji yalifuatwa mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Maji ya kunawia uso ndiyo yaliyooshewa vyombo, na ya vyombo walinyweshwa mbuzi. Kwa miaka sitini hakuwahi kumwaga maji.

Mwanawe alipata kazi Rungwe, akaoa huko, akajenga, akamwita mama yake waishi pamoja. Jioni ya kwanza mkamwana alimwekea bafuni ndoo iliyojaa maji ya moto. Bibi akachota kikombe kimoja, akaoga, akatoka. Mezani akanawa kwa matone. Akamiminiwa maji ya kunywa, akanywa mafunda mawili, akarudisha bilauri.

Ikawa hivyo wiki mbili. Midomo ikampasuka, kichwa kikamuuma kila mchana. Nanyi akina mama mnajua mkamwana anavyowaza pale mama mkwe anaporudisha kila anachopewa. Ijumaa uvumilivu ukamwishia.

"Mama, niambie tu. Maji yangu yana nini?"

"Hayana kitu, mwanangu. Nimetosheka."

"Umetosheka na kikombe? Ndoo inarudi kama nilivyoipeleka! Majirani wakisikia watasema unaniona mchawi."

Bibi akainuka, akaingia chumbani. Alikuwa anawahurumia. Nyumba ina watoto watatu, yeye siku zake zimeshapita. Ya nini awapunguzie maji? Akaona bora aondoke. Akafunga mzigo, akamwomba mwanawe amkatie tiketi ya Jumatatu.

Jumamosi mkamwana alikwenda shambani kuchimba viazi. Kwa wiki mbili bibi alikuwa akiletewa kila kitu barazani, kama mgeni wa heshima. Siku hiyo akazunguka nyuma ya nyumba kwa mara ya kwanza. Akakuta bomba limechomoza kwenye ukingo wa mlima, linamwaga maji kwa nguvu, na maji yanateremka kwenye migomba mpaka bondeni.

"Jamani! Hawa watoto wameacha maji wazi!"

Akatafuta koki, hakuna. Akaokota gunzi, akalizungushia kitambaa, akalisindilia bombani kwa jiwe. Maji yakakatika. Akajipangusa mikono, ameridhika.

Mkamwana aliporudi, uani tope lilifika kwenye vifundo vya miguu. Kuku walikuwa wamepanda juu ya kuni. Bomba lilikuwa limefumuka kwenye kiungo, na bibi, amelowa chapachapa, ameukandamiza mpasuko kwa viganja vyote viwili.

"Nisaidie, mwanangu! Yataisha!"

Mkamwana akaliona gunzi. Akacheka mpaka akakaa kwenye tope.

"Mama, hiyo ni chemchemi. Babu yangu aliyakuta yanatoka hivyo hivyo."

"Na mkilala?"

"Yanatoka."

"Na watu wakichota sana?"

"Yanatoka."

"Na mimi nisipochota?"

Hapo mkamwana akaacha kucheka. "Yanakwenda mtoni, mama. Kumbe ndiyo maana? Ulitaka kutubakizia sisi? Hujatubakizia hata tone. Umejinyima tu."

Bibi akaondoa mikono kwenye mpasuko. Akakinga viganja, akanywa. Akakinga tena. Alikuwa analia na kunywa kwa pamoja, na katikati ya mafunda akisema, "Asante, mwanangu. Asante." Jumatatu basi liliondoka bila yeye.

Ndugu zangu, nituulize sisi tuliokaa hapa. Ni nani kati yetu hajawahi kusema, "Mungu ana mambo mazito, ashughulike na wagonjwa na yatima, mimi nipo tu"? Tunauita unyenyekevu. Tunakunywa funda moja la Jumapili na kuliweka akiba wiki nzima. Je, yuko yatima aliyepata zaidi kwa sababu wewe ulikataa kupendwa? Yuko mgonjwa aliyebakiziwa? Hayupo hata mmoja.

Na yule anayetoa je? Tunafikiri tunampunguzia mzigo, kumbe tunamuumiza. Kila siku anatuletea, kila siku tunarudisha, naye anauliza: mwanangu, upendo wangu una nini?

Upendo huo ulikuwapo kabla yako. Haukuanza ulipookoka, wala haukupungua ulipoanguka. Mshukuru kwa hilo, kisha upokee.

Nimewasikia mkiomba. Mnawaombea watoto, wachungaji, nchi nzima, na mwishoni kabisa, kwa sauti ndogo, mnasema "na mimi pia". Leo tuanzie kwingine. Simameni. Kila mtu afumbe macho, na kabla hajataja jina la mtu mwingine yeyote, aseme: "Baba, asante kwa kuwa unanipenda mimi." Semeni. Hatuna haraka.