Springi ya Kitasa cha Mdogo Mtu

Wapendwa, wahubiri wa mjini wamezoea kuniibia mifano, na nikiwasikia wanavyoikoroga madhabahuni nacheka kimoyomoyo. Huu hawajaupata. Amkeni basi, hata wewe mama wa kwaya unayesinzia macho wazi.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyegombana na mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mdogo mtu alidhani yamekwisha. Kaka mtu alikuwa bado anachemka. Akaenda kwa mhunzi aliyekuwa akiunda bastola kwa siri.

"Niundie moja ya kunitosha mkono."

"Vyuma ulete mwenyewe," mhunzi akamwambia. "Hapa kwangu ndiyo desturi. Mimi naunganisha tu. Damu ikimwagika, chuma si changu, mimi simo."

Yule bwana akakusanya, chuma huku, kipande cha mbao kule. Kikakosekana kitu kimoja: springi. Akazunguka gulio zima, hola. Sasa sikieni kichaa hiki. Akaenda kwa nani? Kwa mdogo wake huyo huyo!

"Bwana mdogo, kitasa changu kimekufa. Huna springi?"

"Aa, kaka, hiyo nayo ya kuuliza?"

Mdogo mtu akachukua bisibisi, akafungua kitasa cha mlango wake mwenyewe, akatoa springi, akaipangusa kwa shati. "Chukua. Wewe una mali ndani. Mimi nitaibiwa nini, hawa kuku wanaokufa kwa kideri? Shemeji asije akalala mlango wazi."

Na yule bwana akaipokea kwa mikono miwili! Akasema na asante!

Mhunzi akamaliza kazi yake. Asubuhi moja kaka mtu akaingia uani kwa mdogo wake, mkono ndani ya koti. Akamkuta ameketi kwenye kigoda, ameegemea mlango.

"Mbona hukwenda shamba?"

"Niende vipi, kaka, na mlango haufungi? Nalinda mpaka nipate springi nyingine. Ya kwako imekaa vizuri?"

Najua mnachongoja. Mnangoja niseme mkono ulitetemeka, akapiga magoti, wakakumbatiana wakalia. Ningeweza. Kwa mifano mimi ni bingwa, hakuna anayenishinda tarafa hii.

Alipiga.

Ndiyo, alipiga! Mnashika vichwa? Mimi mwenyewe mfano huu uliponijia niliacha chai ikapoa.

Lakini sisi je? Dada yako alikuja kwako analia, akakuambia neno la ndoa yake ambalo hata mama yake hajalisikia. Kisha mkakorofishana, nawe ukalimwaga kisimani mbele ya watu. Neno hilo ulilitoa wapi? Si alikupa mwenyewe, kwa kukupenda? Mtu baki angelipata wapi? Na sisi tuliokuwa pale na ndoo zetu, tukisema "enhe, malizia", tukaunga kipande hiki na kile, halafu tukaenda zetu tukisema hatumo, sisi ni nani kama si mhunzi?

Kuna mmoja humu ndani leo ana neno la mwenzake, amelishika, anangoja siku. Sitakutaja. Ila nakuambia, mwenye neno hilo amekaa benchi moja na wewe, na tulipopeana mikono ya amani asubuhi hii, yeye ndiye aliyeanza kukupa wake.