Kufuli la Simu ya Nakijwa

Mzazi mwenzangu, hii isome taratibu, kisha mpelekee yeyote mwenye kijana na simu nyumbani.

Kule Same aliishi fundi seremala aitwaye Elifuraha Msangi. Mkewe alifariki mapema, akabaki kumlea peke yake binti yao, Nakijwa. Binti alipofika kidato cha pili, baba alimnunulia simu janja, maana siku hizi masomo mengi hutumwa humo.

Wenzake karakanani walimshauri. "Ifunge kimyakimya kabla hujampa," alisema mmoja. "Mtoto wa kumweleza nini?"

Msangi hakufanya hivyo. Aliketi na binti yake mezani, wakaiwasha simu pamoja. Akaweka namba ya siri ya mzazi, kisha akaanza kufunga: picha chafu, michezo ya kamari, mitandao ikifika muda wa kulala, na ujumbe kutoka kwa watu wasiojulikana. Kila alipofunga, alieleza sababu.

Nakijwa alinuna. "Baba, kwani huniamini?"

"Nakuamini, mwanangu. Nisiowaamini ni hao watakaokutafuta humo ndani."

"Wenzangu hawajafungiwa kitu!"

"Ukiona nimefunga pasipostahili, njoo tubishane. Nitakusikiliza."

Na kweli walibishana. Programu ya kuchora, ambayo Msangi aliifunga kwa kutoielewa tu, aliifungua jioni ileile na kumwomba binti yake radhi.

Miezi ikapita. Mtu mmoja aliyejiita kocha wa netiboli akaanza kuwaandikia wasichana wa shule ya Nakijwa. Alisema anachagua wachezaji wa kwenda Dar es Salaam. Alitaka picha zao, kisha akataka kukutana nao, na wazazi wasiambiwe.

"Mwenzangu, kocha anakutafuta hakupati," Veneranda, rafiki yake Nakijwa, alimwambia. "Mimi nimeshakubali. Namwona keshokutwa."

Nakijwa alikuwa mchezaji hodari kuliko wote darasani. Alirudi nyumbani kichwa kimejaa Dar es Salaam. Lakini baba yake alipoingia tu, alimsimulia yote.

Asubuhi Msangi alikuwa mlangoni kwa mkuu wa shule, Mwalimu Kisanga. Polisi wakaarifiwa. Yule mtu alikamatwa stendi akimsubiri Veneranda. Hakuwa kocha wa chochote.

Shule ikaitisha kikao cha wazazi na wanafunzi. Mwalimu Kisanga akamwita Msangi mbele, makofi yakapigwa.

"Tufundishe na sisi, Baba Nakijwa," alisema mama mmoja. "Hilo kufuli ulilifungaje hata likamshinda tapeli?"

Msangi akatanua kifua, akaanza kueleza. Ndipo Nakijwa aliposimama kule nyuma.

"Shikamooni wazazi. Baba, nisamehe. Namba yako ya siri naijua tangu ile siku ya kwanza. Niliiona ulipokuwa ukiiandika."

Ukumbi mzima ukaguna. Msangi alihisi uso ukiwaka moto.

"Sasa mbona hukufungua?" akauliza Mwalimu Kisanga.

"Nilitaka, Mwalimu. Nilishaanza hata kuiandika. Nikajiuliza, huyu mtu ni nani hata anitake nimfiche Baba? Baba hajanificha kitu. Hata kufuli lake aliliweka mbele ya macho yangu, na nikimbishia hunisikiliza. Nikaifuta ile namba, nikamsubiri arudi kutoka kazini."

Mama yake Veneranda alijifunika uso kwa khanga, akalia.

Msangi akapita katikati ya viti hadi kule nyuma, akamshika binti yake mkono.

"Huyu ni mwanangu," akawaambia, ingawa hapakuwa na mtu asiyejua.

Funzo: Ifunge simu ya mwanao, lakini umweleze kwa nini, nawe umsikilize, kwani namba ya siri ataijua siku yoyote, na siku hiyo kitakachomlinda ni kuaminiana kwenu.