Sujudi Ndefu za Sheikh Zurara

Imetufikia kutoka kwa wema waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Iraki, ukingoni mwa mto Dijla, alikuwapo msomaji wa Qurani aitwaye Zurara bin Naufali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa imamu wa msikiti wa soko la wafua shaba, na kisomo chake kiliwaliza hata wenye mioyo mikavu. Alipoanza kuota mvi, alianguka kutoka juu ya paa la nyumba yake akavunjika nyonga. Maumivu yalipomzidi, tabibu akampa vidonge vya afyuni, ile ambayo wazee wetu waliiita kasumba, akamwambia, "Meza kimoja maumivu yakikushinda, na ukipona uache."

Mfupa ukaunga. Afyuni haikuachika.

Mwanzoni alimeza ili apate usingizi, kisha ili aweze kusimama mihrabuni. Mwishowe alimeza kwa sababu asipomeza mwili wake ulimgeuka: jasho la baridi, miayo isiyokatika, machozi yasiyo na huzuni, na mwasho ndani ya mifupa, mahali ambapo ukucha haufiki. Ndiyo hali ambayo vijana wetu wa leo wanaiita arosto. Akimeza, hutulia. Na katika kutulia huko ndimo fitina ilimoingilia, maana alikuwa akisujudu fahamu zikimpotea, sujudi ikarefuka hata maamuma wakasikilizana pumzi. Wakasema, "Subhanallah, tazameni khushuu ya Sheikh!" Watu wakaja kutoka vitongoji vya mbali kusali nyuma yake. Naye alijua kwamba alikuwa amesinzia tu.

Mkewe, Raita binti Asidi, alijua pia. Asubuhi moja alimkuta jikoni amepiga magoti, anapekua majivu ya mafiga na kuyatia kinywani.

"Baba Hudhaifa, unatafuta nini?"

"Pete yangu imeanguka."

"Pete yako umeivaa."

Zurara akautazama mkono wake. Kilichoanguka kilikuwa kidonge, nacho kilikuwa cha mwisho. Akafuta midomo, akalia.

Raita akaketi naye palepale chini. "Nje ya lango la mji iko nyumba ya wagonjwa, na Bibi Lubaba huwapokea walioshikwa na hiki. Nenda, mume wangu."

"Watu watasemaje?"

"Watu hawakuoni ukila majivu. Mimi ndiye ninayekuona."

Akakubali kwa sharti moja: waambiwe kwamba Sheikh ameingia khalwa kwa ajili ya ibada. Raita aliuchukia uongo huo, lakini aliogopa akibisha mumewe atabadili nia. Akawaambia hivyo.

Bibi Lubaba alikuwa mjane. Afyuni ndiyo iliyomfisha mumewe. Hakumhubiria Zurara neno. Alimpunguzia dawa kidogo kidogo, akamnywesha uji wa shayiri na kumfunika vitambaa vya maji kichwani. Zurara hakuweza kukaa. Akikaa, miguu ilimtaka asimame. Akisimama, ilimtaka aende. Akawa anatembea kutoka ukuta hadi ukuta, akichechemea, akianza aya na kuisahau katikati.

"Bibi," aliuliza, "hii ni adhabu ya dhambi zangu?"

"Mwanangu, aliyeumwa na nyoka hatumwulizi alikuwa akienda wapi. Tunatoa sumu kwanza."

"Na nikipona, hamu hii itakuwa imekwisha?"

"Itakaa mlangoni pako ikibisha. Usilinde mlango huo peke yako. Mlinzi wa peke yake husinzia."

Siku moja alitoroka, akafika hadi duka la mwuza dawa, akasimama kizingitini huku anatetemeka. Kisha akageuka, akarudi mwenyewe. Bibi Lubaba alimwona akiingia, akamsogezea bakuli la uji.

Alipopata nafuu akarejea mjini, na watu wakambusu mikono. "Khalwa imemkondesha," walisema. Sala zake sasa zilikuwa fupi, kwa kuwa alikuwa macho. Wakasema daraja yake imepanda hata ibada imekuwa nyepesi kwake. Kila sifa ilimchoma. Alikuwa akila matonge mawili anainuka, anaanza mazungumzo anayaacha, anatoka nyumbani bila kujua aendako. Raita akimwuliza, humjibu, "Sijui. Pananibana tu."

Ikawa Ijumaa moja, baada ya sala, Mundhiri, mkubwa wa wafua shaba, aliingia na kundi la watu wakimkokota Sabiti, dobi aliyefua nguo mtoni. Walikuwa wamemkuta kando ya birika la kutawadhia, amelegea, na afyuni imefichwa katika kilemba chake.

"Mlevi huyu ameinajisi nyumba ya Mungu," alisema Mundhiri. "Tumekubaliana afukuzwe mjini. Tumekuja, ewe Sheikh, utie neno lako tu." Akafungua kiganja ili wote waone vidonge.

Harufu ile ikamfikia Zurara. Mate yakamjaa kinywani, na nyonga iliyokwishapona ikaanza kumuuma upya. Akamtazama Sabiti. Dobi yule alikuwa akijikuna mikono hadi ngozi imechubuka, macho yake hayakutoka kwenye kiganja cha Mundhiri. Na Zurara akagundua kwamba macho yake mwenyewe yako papo hapo.

"Funga kiganja chako, Mundhiri," akasema. "Ukikiacha wazi, nitakunyang'anya."

Watu wakatabasamu, wakidhani ni kinaya cha kishekhe.

"Wallahi sifanyi mzaha. Sikuwa khalwani. Nilikuwa nyumba ya wagonjwa, nikitibiwa hiki anachougua huyu. Na sujudi mlizokuwa mkizistaajabia, nilikuwa nimelewa afyuni."

Mzee mmoja akaangua kilio akiuliza hukumu ya sala zote alizosali nyuma yake. Mwingine akatema mate mlangoni akaenda zake.

"Ulitudanganya," alisema Mundhiri, uso umempauka.

"Niliwadanganya, na ninawaomba radhi. Lakini mkimfukuza Sabiti, nifukuzeni naye. Ugonjwa wetu ni mmoja. Mimi nilikuwa na joho la kuufunikia."

Akamshika Sabiti mkono, na hapana aliyewazuia, wakatoka wakichechemea kuelekea kwa Bibi Lubaba.

Tangu siku hiyo alisimama imamu mwingine, na Zurara akawa anasali safu ya nyuma. Wazazi wakawaondoa watoto wao katika darasa lake la Qurani. Sabiti naye alitoroka matibabu zaidi ya mara moja, na kila alipotoroka Zurara alimfuata mtoni, akamketisha, akamrudisha. Wengine walicheka. Raita hakucheka; alikuwa akiwapikia wote wawili uji.

Asubuhi moja Zurara alikuwa akianika vitambaa uani kwa Bibi Lubaba, akamwona mtu amejifunika uso kwa shuka, anaingia langoni, anatoka, anaingia tena. Alikuwa Mundhiri.

"Ni binti yangu," alisema. "Tangu azae mtoto maiti. Mkunga alimpa ili atulie. Tunawaambia watu ana homa."

Zurara hakumwuliza kwa nini siku ile alipaza sauti kuliko wote. Alitupa kitambaa, akatafuta fimbo yake. "Twende upesi," akasema, "asije akaamka akajikuta peke yake."

Enyi ndugu zangu, wengi wetu tunadhani mwenye subira ni yule aliyetulia. Zurara alisubiri huku anatetemeka, na wapokezi wa kisa hiki wanasema mwasho ule ulimrudia mara kwa mara hadi alipofariki. Tumwombe Mola atujaalie ulimi wa kusema "naumwa," na atuepushe na kuwa watu ambao mgonjwa huogopa kuwaambia.