Umazi na Nyasi za Mlalio

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Useme wewe!

Pakawa nyasi, pakawa miiba, pakawa mtu mmoja. Sogeeni basi, na wewe huko nyuma acha kutafuna.

Hapo kale, ndani ya msitu, paliota nyasi zilizoitwa mlalio. Hazikuota kwingine kokote. Watu walizifumia mkeka wa kumlaza maiti kaburini, na mila ilikuwa hii: hujifumii mkeka wako. Anakufumia ndugu yako ungali hai, nawe unauweka darini.

Lakini watu ni watu. Wakakata kwa pupa, mbuzi wakala, moto ukapita, kikabaki kipande kidogo kama uwanja wa nyumba. Bibi mmoja, jina lake Umazi, akaona uchungu. Akajenga kibanda pale pale, akazungusha boma la miiba. Akaapa kwamba nyasi zile hazitakwisha yeye akiwa hai.

Akaja mdogo wake, Dzame. "Dada, nifungulie nikate kidogo, nikufumie mkeka wako."

"Leo mkeka, kesho paa la nyumba. Toka."

"Haya, dada. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa."

Akaja mzee jirani, akaomba mbegu akapande kwake. "Toka."

Miaka ikapita. Ikaja sauti ya mwanamke nje ya miiba. "Kuna msiba. Tunaomba nyasi."

Umazi hakutoka hata kuchungulia. "Toka."

Ile sauti ikalia kidogo, ikaenda zake. Wala Umazi hakuuliza nani kafa. Ninyi mngeuliza, sivyo?

— Tungeuliza!

Haya.

Upweke ulimla Umazi, nisiwafiche. Alipika ugali wa mtu mmoja, akala ameupa mlango mgongo. Asubuhi alizisalimu nyasi, na nyasi hazikuitika. Tena ajabu, nyasi zenyewe zilipungua. Mwaka huu pungufu, mwaka wa pili pungufu, mwaka wa tatu yakabaki mashina mabichi ya kuhesabika. "Naibiwa," akasema, akaongeza miiba.

Humo bomani aliishi kwale. Siku moja akamwambia, "Bibi, mwizi wako namjua. Kesho fungua lango, ujifiche, utamwona."

Akafungua. Wakaingia mbuzi wa kijiji kizima. Wakala nyasi kavu, wakakanyaga, wakatifua udongo. Umazi akatoka na fimbo huku analia. "Umenidanganya, kwale."

"Nimekudanganya, ndiyo. Subiri mvua."

Mvua ikanyesha. Palipokanyagwa pakachipua, hapa, pale, kila mahali. Umazi akainama, akaona. Nyasi kuukuu zisizokatwa zilikuwa zimezilalia changa, zikazinyima jua.

"Mwizi ni huyo uliyekuwa ukimpikia," kwale akasema.

Umazi akasubiri nyasi zikomae, zidondoshe mbegu, ndipo akakata. Akafuma mkeka siku saba, akashika njia kwa Dzame. Alitaka kumwomba radhi, kisha amwambie: sasa nawe nifumie wangu.

Mlangoni akamkuta Kadzo, binti wa Dzame.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mama yako yupo? Nimemfumia mkeka."

Kadzo akautazama ule mkeka. "Mama tulimzika mwaka juzi. Tulimlaza juu ya magunia."

"Mbona hamkuniita?"

"Nilikuja, mama mkubwa. Nilisimama kwenye miiba."

Umazi akaenda akautandika mkeka juu ya kaburi, akaketi kando yake mpaka jua likachwa. Tangu siku ile lango liko wazi. Mbegu zikidondoka, mbuzi wanaingia. Nyasi zikikomaa, watu wanakata. Na mlalio umerudi msituni. Kila mtu ana mkeka wake darini. Umazi hana. Kadzo alitaka kumfumia, akamkataza. "Wa kunifumia alikuja," akasema, "nikamwambia toka."

Ngano yangu nimeikunja, nimeiweka. Mwenye ndugu na akamjulie hali kungali mchana.

— Tumesikia!