Jina la Mtoto Aliyekatazwa Usingizi

Hapo zamani, ila si zamani za wanyama kusema. Nusu kaputi, dawa ya kumlaza mtu asisikie kisu, ilikuwa imeshafika milimani kwetu, na watu wa kuikataza walikuwa wamefika pamoja nayo. Sikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza, na atakayenyamaza nitamhesabu mwoga.

Palikuwa na hospitali ndogo juu ya mlima. Mvua ikanyesha, kilima kikaporomoka, barabara ya kushukia mjini ikafukiwa. Wodini wakabaki wagonjwa wawili wasioweza kungoja. Wa kwanza alikuwa mtoto mchanga wa mama mmoja aitwaye Niwaeli. Njia ya chakula kutoka tumboni kwenda utumboni ilikuwa imeziba. Kila alichonyonya alikirusha nje kwa nguvu, kisha akalia njaa. Hakuwa na jina bado, maana kwao mtoto hupewa jina akiwa mzima. Wa pili, kitanda cha jirani, alikuwa Bibi Nakijwa, ajuza asiye na mtoto wala mjukuu. Ngiri yake ilikuwa imenasa na tumbo limevimba.

Wote wawili walihitaji kupasuliwa. Mpasuaji alikuwapo, na kisu kilikuwapo. Kikwazo kilikuwa usingizi.

Mganga mkuu akasema, "Huyu ni mdogo mno. Dawa ikizidi tone tu, hapumui tena. Yule ni mzee mno. Moyo wake ukilazwa hauamki. Na mtungi wa oksijeni ni mmoja. Hapa halazwi mtu usingizi. Tungoje barabara."

"Tungoje mpaka lini?" akauliza Niwaeli.

"Mpaka ifunguliwe."

"Mwanangu hana muda huo."

Aliyekuwa akitoa dawa za usingizi pale ni Daktari Kiangi, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali. Akasema, "Mdogo mno, mzee mno! Basi tuwatibu wa makamo peke yao, hawa wengine tuwachimbie. Nitawalaza mimi."

"Ukimgusa mtoto huyo, kazi huna."

"Basi sina."

Lakini mtungi ulikuwa mmoja, na ubishi haujazi mtungi. Hapo Bibi Nakijwa akajiinua kwa kiwiko. "Binti, mimi si wa kulazwa. Nidunge ganzi ya mgongoni, mnikate nikiwa macho. Hewa hiyo mwekee mtoto."

"Bibi, hata ganzi hushusha presha. Kwa umri wako naweza kuuhitaji mtungi."

"Ukiuhitaji, usiufungue."

"Ubongo ukikosa hewa, Bibi..."

"Ubongo ni wangu. Nimeshasema."

Wakampeleka chumba cha upasuaji. Mgongo wake ulikuwa umepinda na mifupa imeshikana. Sindano ikatafuta njia, ikakosa. Ikatafuta tena, ikakosa. Bibi alikuwa amekumbatia mto, akafoka, "Tafuta tu! Mgongo uliobeba kuni maisha yote utashindwa na sindano?" Hatimaye ganzi ikashika. Na presha ikaanguka. Daktari Kiangi akatia dawa ya kuipandisha, ikapanda kidogo, ikaanguka tena. Akamsogezea barakoa ya oksijeni. Bibi akaisukuma. "Ya mtoto." Akamsogezea tena. Bibi akaisukuma tena. "Ya mtoto, nimekwambia!" Daktari akaiweka chini. Ngiri ikarudishwa, tumbo likashonwa, bibi akatolewa akiwa hai.

Huku nyuma, wodini kulikuwa na vita vingine. Anayekwenda kulazwa usingizi lazima tumbo liwe tupu, la sivyo kilichomo hupanda na kuingia mapafuni. Niwaeli aliambiwa asinyonyeshe, na mtoto analia mpaka sauti inakauka. Mama mkwe wake akaja na kibuyu cha maziwa. Kwao mtu hafungi safari ngumu bila kuonja maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, anayemnyima amemfukuza.

"Mlowanishe midomo tu," akasema mama mkwe.

"Hapana, Mama."

"Tone moja!"

"Hata hilo moja."

Mama mkwe akachovya kidole, akamwinamia mtoto. Niwaeli akampokonya kibuyu, akayamwaga maziwa yote sakafuni, wodi nzima ikitazama. Katika ukoo ule, kumwaga maziwa ya mama mkwe ni kutangaza kwamba umeihama nyumba yake.

"Mtoto akifa, usirudi kwangu," akasema mama mkwe.

"Akifa sina cha kurudia. Lakini tumbo litabaki tupu."

Mtoto akaingizwa. Daktari Kiangi akafunga madirisha, akamfunika pamba toka utosini hadi vidoleni, akamzungushia chupa za maji ya vuguvugu, kwani mwili mdogo hupoa upesi. Akapima dawa kidogo hata bomba la sindano lilionekana halina kitu. Katikati ya kazi mtoto akaacha kupumua, midomo ikawa ya bluu. Daktari akafungua oksijeni yote iliyobaki, akaanza kumpulizia kwa mfuko wa mpira, akiubana kwa vidole viwili, polepole, maana mapafu yale ukiyabana kwa hofu yanapasuka.

"Huyu amekwenda," akasema mpasuaji.

"Wewe shona! Akienda nitakuambia mimi."

Mpasuaji akashona. Daktari akabana, akabana, mpaka midomo ikarudi rangi yake.

Mtoto akapona. Akanyonya, na maziwa yakakaa. Daktari Kiangi akafukuzwa kazi kama alivyoahidiwa. Bibi Nakijwa akapona tumbo, lakini akili ikarudi nusu. Akawa anamwita daktari kwa jina la dada yake aliyekufa, anauliza kama mbuzi wamefungwa. Ni uzee, au ni kukosa hewa? Daktari mwenyewe hakujua, na hilo lilimtafuna.

Ikafika siku ya jina. Katika ukoo ule, mwenye kumpa mtoto jina ana fungu katika mtoto huyo. Akizeeka atalimiwa naye, akifa atazikwa naye. Haki hiyo ni ya mama wa baba. Mama mkwe akasimama, mtoto mikononi.

"Haki ni yangu, lakini mimi ndiye niliyekuja na kibuyu, na nimeelezwa kwamba maziwa yale yangemuua. Jina sitoi. Alitoe aliyemrudisha."

Bibi Nakijwa akasema, "Mimi sikumbuki kitu. Mnasema niliisukuma barakoa. Kama niliisukuma, niliisukuma kwa akili zangu, msininyang'anye leo kwa kuwa nimesahau. Sina wa kunizika. Nipeni."

Daktari Kiangi akasema, "Bila mikono hii, hewa ya Bibi ingebaki kwenye chuma, na njaa ya mtoto ingekuwa njaa ya bure. Nadai, na sioni haya."

Mzee mmoja wa ukoo akamkatiza. "Ulimwacha Bibi akose hewa. Si ungemlazimisha?"

"Ningeweza. Leo pengine mngekuwa na Bibi mwenye akili timamu, na kaburi dogo."

Niwaeli akasema, "Daktari alipoteza kazi, mimi nilipoteza nyumba siku ile nilipomwaga maziwa. Bibi alitoa kilicho chake. Mimi nilimnyima wangu huku akinitazama machoni."

"Wewe ni mama, ulitimiza wajibu," akasema yule mzee.

"Wajibu? Mbona nilifukuzwa kwa wajibu? Mkimpa mwingine jina hili, kesho mtaniambia nifungashe, nimwache mtoto."

Mama mkwe akawatazama wote watatu, akatugeukia sisi. Na msiniambie apewe majina matatu! Ukoo ule mtoto ana jina moja na aliyempa ni mmoja, wala sitawabadilishia mila ili mlale vizuri. Mtoto yuko pale, mzima, anasubiri kuitwa.

Je, nani anastahili kumwita?