Tochi Iliyoshuka Pangoni

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Aliyeacha chungu motoni akakiteremshe kwanza, maana hadithi hii ina swali mwishoni, na watu wakianza kulibishania wali huungua.

Huko Kusini Unguja, katika kijiji cha Mawe Mapana, palikuwa na nyumba yenye wanawake wanne. Mwanamume alikuwepo pia, jina lake Makame, lakini yeye ni fundi wa kujenga, na wakati huo alikuwa Pemba akisimamisha kuta za watu. Tumwache huko huko.

Wa kwanza ni Bi Kazija, mama yake Makame. Kipawa chake kilikuwa kuchagua. Akiitikisa nazi sikioni atakwambia ina maji kiasi gani na muuzaji anajua au hajui. Alimchagulia mwanawe mke wa kwanza. Watu wanasema alimchagulia na wa pili pia, ila Makame alidhani ni macho yake mwenyewe.

Wa pili ni Shemsa, mke mkubwa. Kipawa chake kilikuwa kuwa nacho. Ukitaka sindano, ukitaka karafuu ya jino linalouma, ukitaka pini msibani, Shemsa anacho, amekifunga pindoni mwa kanga. Mtoto hakujaaliwa, na hilo nalo alitembea nalo kila aendako.

Wa tatu ni Raya, dada yake Makame, aliyerudi kwao kwa talaka, tena talaka aliyoidai mwenyewe barazani mbele ya wazee. Kipawa chake kilikuwa kutoogopa. Lakini hakuna alichokishika kisipotee. Amepoteza funguo, amepoteza kandambili, na mume mmesikia.

Wa nne ni Mize, mke mdogo, tumbo lake limefika puani. Yeye hakuwa na kipawa cha kutajwa. Hadithi ni yake kwa sababu mzigo wa mwisho ulimwangukia yeye.

Sasa, Mawe Mapana bomba likikauka, watu huteka maji pangoni. Pango lile lina njia nyembamba, wawili hawapishani, na ukishapita kona ya kwanza ni giza, hata kama juu ni saa sita za mchana. Maji yake hupanda na kushuka pamoja na bahari. Na kwa kuwa wanawake wakishateka huvua wakaoga humo humo, wamejiwekea ada: anayeshuka hutundika kanga yake mlangoni. Ukiikuta kanga, unakaa juu ya jiwe unangoja. Hushuki, huchungulii, huiti. Kanga imeshasema.

Zamani walishuka na kibatari, na kibatari kila mara kilizimika pale pale penye kona. Bi Kazija akachoka. Siku moja akamchukua Mize, wakaenda dukani kwa Mzee Vuai kununua tochi.

Mzee Vuai akateremsha moja ndefu kama mchi. "Hii, Bi Kazija, ukiiwasha hapa wanakuona Paje."

"Nina nini mimi na watu wa Paje?"

Akateremsha nyingine. "Hii ina redio ndani yake."

"Niteke maji huku nasikiliza taarifa ya habari?"

Akatoa kadogo, ka kutia kwenye funguo. Bi Kazija akakapenda kidogo, akakageuza. "Betri yake inauzwa wapi?"

"Hiyo mpaka mjini."

"Basi na tochi yenyewe iuze mjini."

Kisha akaomba maji kwenye kata. Akajimwagia mikononi mpaka kwenye viwiko, akazijaribu tochi zilizobaki moja moja, kwa mkono mmoja uliolowa. Nyingine swichi iliteleza, nyingine ilitaka kucha mbili. Iliyomjibu ilikuwa ya chuma, fupi kama kidole cha shahada, inayokula betri moja tu, ile ile ya saa ya ukutani, ambayo hata muuza chapati anayo. Haikuwa rahisi kuliko zote wala ghali kuliko zote. Bi Kazija akaenda nyuma ya magunia ya mchele, akachuchumaa, akajifunika kanga gubigubi, akaiwasha humo ndani. Mize akaona haya, akajifanya anasoma maandishi ya kwenye sabuni.

"Hii naviona vidole vyangu," Bi Kazija akasema akiwa ndani ya kanga. "Ile ndefu ingenionesha nyota."

"Mama," Mize akasema taratibu, "simu yangu ina tochi."

"Simu yako ina kila kitu, mwanangu. Siku ikitumbukia utakuwa umetumbukiza kila kitu." Akatoka kwenye kanga, kilemba kimekwenda upande. "Halafu mwanamke pangoni mkono mmoja una ndoo, mmoja umeshika jiwe. Tochi ataishika na nini?"

"Na nini?" akauliza Mzee Vuai.

"Na meno."

Mzee Vuai alicheka mpaka akakohoa. Kabla Bi Kazija hajafika kwake, kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba amenunua tochi ya kung'ata. Nani aliyeyapeleka maneno, msiulize, hayo hayamo kwenye hadithi.

Tochi ikatundikwa kwenye msumari wa mlango, na kama vitu vyote vya msumarini, ikasahauliwa. Raya aliichukua mara moja, ikaonekana baada ya siku kadhaa kwenye pakacha la ndimu. Mize alikuwa na simu yake. Bi Kazija mwenyewe alishamaliza kazi yake alipochagua.

Shemsa peke yake ndiye aliyeishusha msumarini. Akaifunga pindoni, ikawa haimtoki. Sokoni anayo, arusini anayo, mchana kweupe anayo. Jioni huitoa betri akaifuta kwa ncha ya kanga kisha akairudisha. Watu wakamcheza shere.

"Shemsa, bibi weye, jua hili halikutoshi?"

"Linanitosha. Naingojea saa litakapoondoka."

Ikafika wiki bomba likakohoa upepo mtupu. Alasiri moja Bi Kazija aligonga mtungi kwa kata, ukalia, akasema na ukuta: "Nyumba ina wanawake wanne, na mtungi mkavu kama jangwa." Hakumtaja mtu. Lakini mke mdogo husikia yote kuwa ni yake. Mize akajitwisha ndoo, akashika simu yake, akaenda zake kimya kimya na tumbo lake.

Akatundika kanga mlangoni, akashuka. Alipokuwa anainama kuteka, mguu ukateleza kwenye ukoga. Akadaka jiwe kwa mikono miwili, na simu ikaenda majini ikiwa inawaka. Akaiona inazama, mwanga wake ukiwa wa kijani, kisha haukuwepo tena. Akatafuta njia kwa kupapasa. Hapo ndipo uchungu ulipomshika, mkali, usio na utangulizi, na maji yakaanza kumgusa vifundoni, kwa kuwa bahari ilikuwa inajaa.

Akaita. Pango lile lina tabia yake: sauti ya aliye chini huimeza pale penye kona, ndoo na maji tu ndivyo husikika juu, lakini maneno ya aliye juu huyateremsha yote. Kwa hiyo Shemsa na Raya walipofika na ndoo zao, wao hawakumsikia Mize. Mize aliwasikia wao.

"Kanga ya Mize hiyo," alisema Shemsa. "Mimi ninayo kama hiyo hiyo. Makame hanunui moja."

"Tukae basi."

"Nimwite? Tumbo lile si la kushukia huku."

"Kaa, Shemsa. Kanga ni kanga. Mtu akiwa anaoga?" Jiwe likasikika likikaliwa. "Tena mwache apumzike na sisi tupumzike naye. Tangu aje huyu, kaka yangu hanisikilizi mimi wala hamsikilizi mama."

Mize akaita tena. Maji yalikuwa magotini.

Shemsa akacheka, cheko fupi. "Anatembea utadhani yeye ndiye wa kwanza duniani kubeba mimba." Kisha sauti yake ikawa nyingine. "Kuna siku namtazama lile tumbo, Raya, natamani lingekuwa la mtu wa kijiji kingine. Nisilione. Basi tu nisilione."

Na huko chini Mize aliacha kuita, si kwa kukasirika, bali kwa sababu mwili ulikuwa umeshaichukua pumzi yote.

Hapo juu ndoo zilikuwa zingali tupu. Baadaye Raya akasema, "Mbona siisikii ndoo?"

"Atakuwa anaoga."

"Anayeoga hasikiki maji?" Raya akasimama. Akaunyosha mkono, akaitungua kanga ya mtu mwenyewe angali ndani, jambo ambalo Mawe Mapana hakuna aliyewahi kulifanya. Shemsa alikuwa ameshaanza kufungua pindo.

"Mimi goti langu halinifikishi huko upesi. Shika, usiipoteze."

Raya akaitia tochi kati ya meno, kanga akaitupia begani, akashika mawe kwa mikono yote miwili, akashuka. Akamkuta Mize ameegemea ukuta, maji yanamfika mapajani, na kichwa cha mtoto kinatafuta njia. Akampandisha kwenye ukingo wa jiwe. Mwanga ulikuwa unakwenda anakogeuza kichwa, na mikono yake ilikuwa mitupu, mtoto akaiangukia. Wa kike. Raya akamfunga kwenye ile kanga iliyokuwa mlangoni. Shemsa alikuwa ameshakimbia na goti lake kuita watu, wakaja na kamba na mkunga, mama na mwana wakatolewa juu wazima.

Furaha hiyo mnaijua, haina haja ya kusimuliwa. Tazameni kilichofuata.

Katika nyumba ile mtoto wa kike hupewa jina la mwanamke aliye hai, na mwenye jina huwa somo yake. Somo si mchezo. Ndiye atakayemfunda, ndiye atakayemvisha siku ya arusi yake, na akisema neno juu ya mtoto, hata mama mzazi hulisikiliza. Makame alipiga simu kutoka Pemba, akasema, "Aliyemuokoa mwanangu apewe jina. Nani, aseme Mize." Kisha akasema saruji inamngoja. Wanaume.

Tangu hapo wakaanza kuja kitandani mmoja mmoja.

Bi Kazija alikuja na uji wa pilipili manga. Akamnywesha, akamfuta mdomo. "Wajukuu wote waliotangulia, kwa binti zangu, wana majina ya upande wa pili," akasema. "Sikutajwa hata na mmoja. Basi nijiulize tu, ile ndefu ya Vuai ingeingia kinywani mwa nani?"

Shemsa alikuja na mafuta ya nazi. Akamkanda miguu muda mrefu. Mwishowe akasema, "Tochi iliyo msumarini haimfai aliye pangoni, mke mwenzangu. Na mimi, jina langu halina mahali pengine pa kukaa."

Raya alikuja mikono mitupu, akaketi sakafuni. "Kijiji kinanitazama kama mtu aliyevunja kanga ya watu, mbali na ile ndoa niliyoivunja. Sidai kitu, wifi. Lakini mwanga ungebaki pale juu ungemulika mawe tu."

Mize aliwatazama wote watatu, akawapenda, na kila alipokaribia kuamua alikisikia kile alichokisikia nyumbani na gizani. Aliyechagua ndiye aliyegonga mtungi. Aliyebeba ndiye aliyekaa juu ya jiwe, mwanga upo kiunoni mwake, akitamani lile tumbo lisiwepo machoni pake, na ndiye huyo huyo aliyetaka kumwita mwanzo kabisa. Aliyeshuka ndiye aliyesema akae, kanga ni kanga. Hao wawili wa mwisho hawajui kwamba aliwasikia. Hajawaambia mpaka leo. Akifikiri, hakujua kama maneno ya mtu asiyejua anasikilizwa yahesabiwe pamoja na matendo yake, au yaachwe huko huko pangoni.

Tayari kuna mmoja wenu anafungua mdomo aseme mtoto apewe majina matatu. Afunge. Somo ni mmoja, kama kitovu. Na mwingine atasema apewe la mkunga ili wote wakose sawa. Huyo hajawahi kuishi nyumba moja na mavyaa, mke mwenza na wifi.

Basi siku ya saba imefika. Ubani unafuka, sheikh amemaliza dua, mbuzi yuko jikoni. Wale watatu wameketi kwenye mkeka mmoja. Bi Kazija anapanga vikombe vilivyokwisha kupangwa, Shemsa anafunga na kufungua pindo lisilo na kitu, Raya anatazama dari. Sheikh amemgeukia Mize, amemuuliza jina.

Wewe uliyekaa hapo, ungekuwa ndiwe Mize, na unayajua yote anayoyajua, je, ungemtaja nani?