Herufi Nane za Kupaa na Puto

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni Jumamosi tarehe kumi na nne Juni, saa mbili na dakika kumi asubuhi, watu watatu wa kijiji cha Mkobwe waliachia puto kubwa katika uwanja wa mpira. Chini yake kilining'inia kisanduku cha kurushia picha za televisheni. Kijiji kilikuwa kimeahidi: atakayetuletea picha kutoka juu, puto la pili litapaa na jina lake kwenye kona ya picha. Jina moja, nafasi za herufi nane, basi.

Semeni, aliyemaliza chuo kikuu juzijuzi, alikivua kisanduku bati lake zito, akakitia chipu ndogo kama ukucha. Chipu ingechagua masafa, ingeandika jina, ingekizima kisanduku kikichemka na kukiwasha kikipoa. Alipima gramu mara tano, na bado hakulala. Shangazi yake Mwajabu alipasua mto wa harusi yake, akatoa sufi, akakishonea kisanduku koti, maana baridi ya huko juu hugandisha betri. Kibwana, fundi baiskeli, aliunda antena kwa spoku za gurudumu, akaifunga kwenye foku ya usukani ili aigeuze kwa mkono.

Puto likapaa. Picha ikaja kwenye televisheni ya uwanjani: magoli, mto, mapaa.

"Lile bati jekundu langu," mtazamaji mmoja akasema.

"Lako lina kutu. Lile langu," jirani yake akajibu.

Mara kioo kikawa cheusi. Semeni akamgeukia Mwajabu. "Nimekosea namba za chipu, shangazi."

"Tulia, mwanangu."

Watu wakaanza kuondoka. Kibwana hakushusha mikono. Dakika ishirini na sita alilifuata puto kwa antena, jasho likimchuruzika.

"Fundi, unamlenga nani? Huko hakuna kitu," mmoja wa walioondoka akamwambia.

"Kipo. Hakijaniaga."

Picha ikarudi: milima midogo kama viazi, na ukingo wa dunia umepinda, wa buluu. Vigelegele vikapasuka, waliokwishafika nyumbani wakarudi mbio.

Semeni akasoma kumbukumbu za chipu zilizoshuka pamoja na picha. Kisanduku kilichemka, kikazimwa. Kikapoa, kikawashwa.

"Kumbe koti lako ndilo lililotuzimia, dada Mwajabu," akasema Kibwana.

"Na bila koti betri ingeganda. Mto wangu wa miaka thelathini uko mbinguni, jina langu libaki jikoni?"

"Bila antena yangu kingewaka kiongee na nani?" Kibwana akadakia. "Mikono yangu hata kijiko haishiki."

"Bila chipu kingeungua kabisa," Semeni akasema kwa sauti ndogo. "Tuandike herufi za mwanzo, zetu sote?"

"Nani atanijua kwa K?" akauliza Kibwana.

"Mwandishi ni wewe," shangazi akamwambia Semeni. "Andika kwa haki."

Asubuhi yake, kabla ya chai, Semeni alifungua kompyuta. Kwenye zile nafasi nane lilikuwapo SEMENI, aliloliandika siku ya kwanza kwa kujaribia tu. Akalifuta. Akahesabu: Mwajabu saba, Kibwana saba, Semeni sita. Kila moja linaenea.

Vidole vyake bado viko juu ya vitufe. Nyie mliokaa hapa, mwambieni: aandike nani?